Vasco hakuwahi kupita hapa

Kijana wa tuktuk alisimama mbele ya baraza, simu mkononi, boksi la mzigo limelala kiti cha nyuma. Akatoa salamu, tukamjibu. Akauliza Sir Mbarak Hinawy Road iko wapi.

Tairi lake la mbele lilikuwa juu yake.

Pale barazani tulikuwa watu kadhaa na hakuna aliyejibu mara moja. Jina lile tunalijua kwa kuliona kwenye kibao, halimo vinywani. Ukimwelekeza mtu Mji wa Kale wa Mombasa unamtajia msikiti, duka la haluwa, nyumba yenye roshani iliyoinama, au kwa fulani aliyekuwa akiuza maji ya ukwaju zamani. Mwishowe mzee mmoja, ambaye sote twamwita ami hata sisi tusio na udugu naye, akaweka chini kikombe chake cha kahawa tungu, akanyoosha kidevu kuelekea njiani.

"Ndiyo hii, mwanangu. Njia ya Vasco da Gama. Wataka nyumba gani?"

Kijana akaangalia simu, akamwangalia ami, akaangalia simu tena. Vasco da Gama hakuwemo kwenye ramani yake.

Mzigo wake ulifika. Wangu ndio nimeubeba tangu siku ile.

Ami alizaliwa Waingereza wakiwa bado wanatawala. Ijumaa husali Mandhry, msikiti uliojengwa mwaka 1570, yaani mkubwa kwa umri kuliko Ngome yenyewe ya Wareno, Fort Jesus. Na mtu huyu, baada ya miaka zaidi ya sitini ya uhuru, bado anaita njia ya mlangoni kwake kwa jina la nahodha wa Kireno ambaye mji huu ulijaribu kumtosa baharini. Hana chuki anapolitamka, wala hana mapenzi. Analitamka vile anavyotamka Jumatatu.

Nami nikajiuliza: jina lililofutwa linaishi, jina lililoandikwa halina wa kulitumia. Nani aliyaweka yote mawili, na kwa ajili ya nani?

Kondoo, machungwa na pete

Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa.

Nje. Wenyeji walitaka ziingie bandarini, yeye akasita.

Mmoja wa waliokuwamo merikebuni aliandika kumbukumbu za safari, na kumbukumbu hizo zipo hadi leo. Anasema usiku uleule kilikuja chombo chenye watu wapatao mia, wenye silaha, wakataka kupanda. Vasco akaruhusu wachache tu. Kesho yake mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa mengi, ndimu na miwa, pamoja na pete iwe dhamana ya usalama. Mwandishi anaongeza kwamba wagonjwa wao wote walipata nafuu walipofika hapa, na sifa anaipa hewa ya mji. Tukijua leo ugonjwa uliokuwa ukiwala mabaharia wa zama zile, na tukijua kilichomo ndani ya chungwa, mimi sifa naipeleka kwingine.

Vasco hakushuka. Alituma watu wawili. Wakatembezwa mjini, wakaonyeshwa kwa mfalme, wakarudishwa na mfano wa karafuu, pilipili na tangawizi. Kwa hiyo kama kuna Mreno yeyote wa safari ile aliyekanyaga udongo wa mitaa hii, ni hao wawili, na majina yao hayakuwahi kuwekwa kwenye kibao chochote.

Jumanne yake ndipo mambo yakaharibika. Merikebu ziling'oa nanga ziingie bandarini. Ya Vasco ikakataa kugeuka, ikaanza kusukumwa na maji, wakashusha nanga upya. Katika ghasia ile warubani waliochukuliwa kutoka Msumbiji wakajitupa majini. Vasco akaona ni hila. Usiku akawahoji watu wawili aliokuwa nao kwa kuwadondoshea mafuta yaliyochemka juu ya ngozi, mpaka wakakiri kile alichotaka kusikia.

Usiku huohuo watu wa Mombasa waliogelea kimyakimya hadi kwenye merikebu. Wakaanza kukata kamba ya nanga ya moja, wengine wakawa wameshaning'inia kwenye kamba za mlingoti wa nyingine. Walinzi waliposikia maji yakichezacheza walidhani ni jodari.

Jodari!

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Vijana wa mji huu, usiku wa manane, kisu mdomoni pengine, na mtu juu ya sitaha anafikiria samaki. Waligunduliwa, wakarudi pwani. Ijumaa merikebu zikaondoka kuelekea Malindi, ambako zilipokewa kwa mapatano na kupewa rubani wa kuvusha Bahari ya Hindi. Hadithi ya Malindi ndiyo iliyopata mnara.

Mombasa ilipata malipo yake baadaye. Wareno walirudi wakauchoma mji mwaka 1505, wakarudi tena 1528, na kuanzia 1593 wakajenga Ngome ili wasilazimike kurudi tena.

Jina lilitoka ofisini

Sasa, mji uliochomwa hivyo haukai kitako ukaamua kumpa heshima mwenye kuuanzishia balaa. Nililijua hilo kabla sijafungua kitabu. Wareno wenyewe nao hawakuliweka. Katika zama zao njia kubwa ya makazi yao iliitwa La Raposeira, na ndiyo inayofuata mkondo wa Ndia Kuu ya leo.

Waliomwandika Vasco ukutani ni Waingereza, miaka mia nne baada ya yeye kuondoka bila kushuka.

Ziko kadi za posta za mwanzoni mwa karne ya 20 zenye maandishi "Vasco da Gama Street, Mombasa". Unaona kuta nyeupe, roshani za mbao, watu wa kanzu wamesimama kivulini, na katikati ya njia reli nyembamba. Wasiojua hushangaa: treni ilipita humu? Haikupita. Zile zilikuwa reli za toroli. Mzungu au tajiri alikaa kwenye kiti chini ya kijikinga-jua, na watu wawili walisukuma kwa nyuma, miguu chini, hadi Kilindini na kurudi. Mombasa iliishi hivyo kwa miaka, mpaka magari yalipofika miaka ya 1920.

Nilikaa na picha hizo nikijaribu kuelewa akili ya karani aliyechagua jina. Kwa nini Muingereza amtukuze Mreno? Mataifa hayo mawili yalikuwa yakigombea ardhi ya Afrika.

Jibu nililolipata, na ni langu mwenyewe, ni kwamba aliyefika jana hutafuta wa kumtangulia. Waingereza walikuwa wageni kabisa hapa. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1888, utawala wa serikali ukafuata 1895. Mbele yao ulikuwepo mji wenye misikiti, makadhi, washairi na mikataba ya biashara na Bara Hindi. Ukimweka Vasco mlangoni, historia inaanza na merikebu kutoka Ulaya, na wewe unakuwa mrithi badala ya mvamizi. Bendera imebadilika, safari ni ileile.

Ile Ngome waliigeuza gereza. Kuanzia 1895 hadi 1958 wafungwa walilala ndani ya kuta za Wareno, na nje ya kuta njia ikaitwa Vasco da Gama. Kisha, lilipofungwa gereza, pesa za kuikarabati Ngome zikatoka kwenye Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wareno wamerudi mara nyingi hapa, hiyo moja ilikuwa ya heri.

Hatua chache kutoka njia hiyo, Ndia Kuu imebaki Ndia Kuu. Imepita kwenye mikono ya Wareno, ya Waomani, ya ukoo wa Mazrui, ya masultani wa Busaidi, ya Waingereza na ya serikali yetu. Hakuna karani aliyeandika barua kulipendekeza jina hilo, kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kulifuta.

Kaskazi ilipokoma kuleta watu

Tusisahau kazi ya njia yenyewe. Inatoka upande wa Ngomeni, inapita Mandhry, inamwagika kwenye uwanja wa Government Square, na hapo chini ni forodha ya Bandari ya Kale. Kwa wasomaji wa pwani sina haja ya kueleza kaskazi na kusi, pepo za msimu zilizoleta na kuondoa majahazi. Watu wa rika la ami wanaukumbuka msimu kwa pua: tende, papa mkavu, samli, mazulia yaliyofunguliwa juani, na jasho la mahamali wakipanda ngazi wakiimba. Vyombo viliondoka na boriti za mikoko kwenda kuezekea nyumba za Ghuba.

Mauti ya bandari hayakuja siku moja. Reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896, na kichwa chake kiliwekwa upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, kwenye kina kirefu. Mwaka 1926 magati ya kisasa yakaanza kupokea meli pale. Bandari ya Kale ikaachiwa majahazi. Baada ya vita kuu ya pili majahazi yakapungua, mafuta ya Ghuba yakawapa watoto wa manahodha kazi nyingine, na mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi.

Leo kuna soko la samaki, vyombo vichache vya mwambao, na watoto wanaoruka majini wakati maji yamejaa. Majumba yenye maghala chini yamekuwa maduka ya vinyago. Nyumba moja juu ya ngazi za forodha inaitwa Leven House, jina la manowari ya Kapteni Owen iliyofika mwaka 1824, Mazrui walipoomba bendera ya Kiingereza iwakinge na Seyyid Said, Sultani wa Omani. Ulinzi huo ulivunjwa mwaka 1826. Jina la meli limebaki.

Hapa niliona nimepata makala. Mvamizi ametukuzwa na mkoloni, uhuru umemfuta. Lakini waliomfuta wakaweka jina la nani? La mtu mwenye "Sir".

Nilianza kuandika kwa hasira nzuri. Haikudumu.

Sir

Mbarak Ali Hinawy alikuwa Liwali wa Pwani kuanzia mwaka 1941 hadi alipofariki mwaka 1959. (Asichanganywe na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyewapiga Waingereza mwaka 1895. Nimewasikia watembeza wageni wakiwachanganya, na mgeni anaondoka akiamini njia hii ni ya muasi.)

Liwali alikuwa mtu wa namna gani, watu wa pwani wanajua, wa bara huenda wakasahau. Kwenye makaratasi, ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome mpaka mwaka 1963. Kwa vitendo, Muingereza alitawala. Liwali alisimama katikati, akila mshahara wa huyu na kubeba heshima ya yule. Chini yake mamudiri, pembeni yake kadhi. Malkia akampa Hinawy cheo cha Sir, kilemba na joho havikupungua.

Na ilikuwa serikali iliyopanga watu kwa asili. Mwarabu alikuwa na daraja yake, Mswahili na yake, Mmijikenda na yake. Watu wa mtaa mmoja, waliooana na kuzikana, walikuwa hawalingani mbele ya mtoza kodi na mbele ya sanduku la kura. Thenashara Taifa, wenye mji, walihangaika miaka na barua na mawakili ili watambuliwe. Ubaguzi huo ulipanda mbegu za maneno yaliyokuja kuwaka kwenye mjadala wa Mwambao, wa pwani ijitenge au iungane na Kenya, Hinawy akiwa ameshazikwa.

Basi mimi nikaona wazi: jina hili na lile, mama mmoja. La kwanza la aliyekuja kwa merikebu, la pili la aliyewapokea.

Kisha nikakumbuka kabati la babu.

Liwali na muasi

Katika kabati lile, kati ya vitabu vya fiqhi na daftari za mahesabu, mlikuwa na kijitabu chembamba kilichochapishwa mwaka 1950, *Al-Akida and Fort Jesus, Mombasa*. Nilipokuwa mdogo nilipenda picha ya Ngome tu. Jina la mwandishi sikuliangalia. Ni Mbarak Ali Hinawy.

Kitabu kinaeleza habari za Muhammad bin Abdallah, al-Akida, mkuu wa askari wa Sultani Barghash ndani ya Ngome. Alikosana na Liwali wa Mombasa wa wakati ule. Mji ukagawanyika, risasi zikalia mitaani, al-Akida akajifungia Ngomeni. Januari 1875 manowari mbili za Waingereza, *Rifleman* na *Nassau*, zikaja zikaipiga Ngome kwa mizinga mpaka akasalimu amri.

Ndani ya kitabu hicho umo Utenzi wa al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud Mazrui, mtu aliyeishi zama zile zile.

Fikiria kidogo. Huyu ni Liwali. Amewekwa na utawala wa Kiingereza. Na kitabu anachokitoa ni habari ya mtu aliyempinga Liwali mwenzake, akavunjiwa kuta na mizinga ya Waingereza, na anaipa nafasi sauti ya mshairi wa Kimazrui, ukoo uliotolewa madarakani na nasaba ya Sultani huyohuyo anayemwakilisha. Angeweza kuandika habari za barabara mpya na hospitali. Angeweza kuuacha utenzi huo ndani ya sanduku la mtu, mchwa wakamaliza kazi.

Sikuwa na pa kumweka tena.

Nikaendelea kufuata. Hinawy alikuwa akikusanya miswada ya tenzi na mashairi, na kumpelekea William Hichens, Muingereza aliyechapisha *Al-Inkishafi* mwaka 1939 na diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940. Miswada mingi ya Hichens iko London leo, katika maktaba ya SOAS, na wanaosoma ushairi wetu hupanda ndege kwenda kuitazama. Hilo nalo linauma. Ukitaka kumsoma Muyaka wa Mombasa, mtu aliyewatania watu wa mitaa hii, uende kwenye baridi. Lakini kuna mingine mingi iliyobaki nyumbani, na haipo London wala hapa. Ilizama kwenye mvua ya paa lililovuja, ilifungiwa dawa dukani, ilizikwa kwa heshima kama karatasi zenye jina la Mungu zinavyozikwa. Najua familia kadhaa. Moja ni yetu.

Kwa hiyo kuna watu wawili ndani ya jina moja, yule wa joho na yule wa sanduku la karatasi. Nilijaribu wiki nzima kuwatenganisha ili nimpende mmoja na nimchukie mwingine. Haiwezekani. Ni cheo kilichomfungulia milango ya nyumba zenye miswada, na ni cheo kilichomfanya Hichens amjibu barua. Bila Liwali hakuna mkusanyaji.

Kiwanja cha Maskini

Ningeweza kuishia hapo, nikamsamehe mzee wa watu, nikaenda kunywa kahawa. Tatizo ni mwaka 1947.

Januari mwaka huo wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa. Makuli wa Kilindini, watu wa reli, wapishi wa Wazungu, waiteri, karibu mji mzima ukasimama. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira na wakaupa jina wenyewe: Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao, African Workers' Federation. Mwaka huohuo akakamatwa, akapelekwa kizuizini Baringo, akakaa huko miaka.

Wakati huo Liwali wa Pwani alikuwa Hinawy, akiwa katika mwaka wake wa sita.

Simtwiki mgomo. Haukuwa wake, na Kilindini haikuwa Mji wa Kale. Kinachonisumbua ni namna majina yanavyopewa karatasi. Watu elfu kumi na tano walisimama mahali, wakapataja kwa jina la hali yao, jina sahihi kuliko yote niliyoyakuta katika utafiti huu, na sijakiona kibao chake. Mahamali wa forodha, ambao migongo yao ndiyo iliyokuwa bandari, hawana hata kichochoro. Wasukuma toroli wapo kwenye kadi za posta, chini yao pameandikwa Vasco da Gama.

Nilimuuliza ami kuhusu hilo, tukiwa wawili tu. Baba yake alikuwa hamali kabla ya kupata kibanda cha samaki.

"Ami, walipoweka kibao kipya, baba yako alisema nini?"

Akacheka. "Hakuwa akisoma kizungu. Hakujua kwamba kuna kibao."

"Yeye aliiita vipi hii njia?"

"Ya forodhani. Angeiita vipi? Alikuwa akienda forodhani."

Hata neno la Vasco, alivyonieleza, yeye alilipata shuleni na kwa makarani waliokuwa wakija kunywa chai. Ni jina la rika lake. Nilikuwa nimejenga nadharia nzima juu ya kumbukumbu ya mji, kumbe ni namna watoto wa darasa moja walivyojifunza kusema, wakazeeka nayo. Wakiondoka wao, Vasco naye ataondoka, safari hii bila kukatiwa kamba ya nanga.

Barua ya kaunti

Wiki hizihizi kundi letu la WhatsApp la watu wa Mji wa Kale limepamba moto. Kijana mmoja, mwanasheria, ameandika rasimu ya barua kwa kaunti: njia ibadilishwe jina, "Sir" ni aibu, tumechoka na watumishi wa wakoloni. Nilipoanza makala hii ningeitia saini kabla ya kumaliza kuisoma. Ameandika vizuri, na mengi aliyoyasema kuhusu maliwali ni kweli.

Mapendekezo yamemiminika. Wapo wanaomtaka al-Akida, ambaye kwa yote aliyoyatenda aliwapiga mizinga watu wa mji wake pia. Yupo anayemtaka Muyaka. Yupo anayetaka mchezaji wa mpira, na kwa uadilifu niseme ndiye aliyepata vidole gumba vingi zaidi. Mama mmoja aliye Muscat ameandika kwamba waliohama wanajua njia hii kwa majina ya nyumba, na nyumba zenyewe zinaanguka, kwa hiyo kaunti ianze na paa.

Nimepiga kura ya hapana. Nimeeleza sababu zangu, ndefu kuliko kundi linavyovumilia. Kwamba ukifuta kila aliyekula mshahara wa Muingereza katika mji huu utafuta makadhi, walimu, warubani wa bandari na babu yangu mzaa mama. Kwamba "Sir" waliondoe wakitaka, marehemu hatalalamika. Kwamba tukiwa na nguvu za kuandika barua, tuiandike kuomba kibao kimoja kwenye ngazi za forodha, kiandikwe Ngazi za Mahamali, kwa Kiswahili, na kingine pale walipokutana wagomaji wa 1947. Na kwamba miswada iliyobaki majumbani ipigwe picha mwaka huu, kwa simu tulizonazo, kabla hatujaanza kugombania vibao.

Mwanasheria alinijibu kwa adabu kwamba nimekuwa mlegevu kwa sababu marehemu alipenda mashairi. Huenda. Nimemwambia mtu aliyeokoa utenzi wa muasi ana haki ya kupata mlegevu mmoja.

Kisha dada mmoja wa Changamwe, ambaye hajawahi kuandika kitu kundini zaidi ya salamu za Ijumaa, akauliza: kama tunafuta, mbona hakuna anayegusa Port Reitz? Hospitali yake inaitwa hivyo, mtaa unaitwa hivyo, uwanja wa ndege uliitwa hivyo. Reitz ni nani?

Nikamwandikia. Luteni wa manowari za Owen, kijana, aliachwa hapa mwaka 1824 awe gavana. Alitawala kama miezi mitatu, akafa kwa homa.

"Miezi mitatu?" akaandika.

Miezi mitatu.

"Basi anzeni na huyo."